Koti la Muuaji

Walikutana kwenye foleni ya chai, siku taasisi ya utafiti ilipofungulia wananchi milango. Watoto wa shule walikuwa wamejaa hadi kwenye ngazi. Binti mwenye gauni la kijani lililomkaa sawasawa alikuwa akipenya na vikombe viwili, kijana mwenye koti la kaki akamgonga kiwiko. Chai yote chini.

"Samahani, dada! Wewe ni wa hapa?"

"Wa hapa hapa. Nafuga mbu."

"Makubwa! Mimi ni wa maabara ya dawa. Nawaua."

"Kumbe muuaji ndiye wewe!"

"Na wewe ndiye Mama Mbu."

Basi, majina yakaganda, penzi likafuata.

Mbu wenyewe hawakuwa wa mtaani, ati. Ukoo wao ulianzishwa na bibi aliyeasisi taasisi, enzi ikiwa chumba kimoja cha bati. Alizoa viluwiluwi kwenye mapipa ya mvua, akawafuga kizazi hadi kizazi. Kwa kuwa hawakuwahi kuonja dawa, kila dawa mpya ilipimwa kwanza kwa wachache wao waliotolewa nje. Bibi alishafariki, mbu wake wakabaki. Ndiyo maana sheria ilikuwa moja: mtu wa dawa haingii chumba cha mbu, wala nguo yake.

Asubuhi moja Mama Mbu alifungua mlango akakuta kimya. Wengine hufurahi wasiposikia mbu. Yeye alikimbia ndani. Vizimbani wamelala miguu juu. Kwenye mabeseni hakuna kiluwiluwi kinachocheza.

Alipiga simu huku analia. "Uliingia chumbani kwangu?"

"Sijaingia, mpenzi."

"Usiniite mpenzi! Nani mwingine ananuka dawa?"

"Basi, sema ni mimi."

"Kwa hiyo ni wewe!"

"Sema ni mimi, nimekuambia."

"Mwongo mkubwa! Usinipigie tena maishani mwako!"

Mbele ya mkurugenzi kijana alirudia yale yale: ni mimi. Akasimamishwa kazi, kufukuzwa kukawa njiani. Mama Mbu alimtazama akitoka getini. Moyo ulimuuma, lakini hasira ilimtangulia.

Kisha mvua ikanyesha. Alifungua kabati lake kutafuta cha kujifunika, mkono ukagusa kaki. Koti! Jioni ya kuamkia asubuhi ile, mvua ikinyesha, Muuaji alikuwa amemvika. Na yeye, simu sikioni, akicheka naye, aliingia nalo moja kwa moja chumba cha mbu, akalikung'uta mbele ya feni.

"Mungu wangu," alisema. "Ni mimi."

Akapiga simu. "Ulijua?"

"Siku ile simuni uliniambia, 'Nakung'uta koti lako.' Nilicheka tu. Ulipolia asubuhi ndipo nikakumbuka."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Kwamba umeua wanao mwenyewe? Na koti nilikuvika mimi."

Mama Mbu hakungoja mvua ikatike. Aliingia kwa mkurugenzi akichuruzika maji, akamweleza yote. Mkurugenzi, mama wa makamo, akavua miwani, akamtazama mpaka binti akaona haya.

"Marehemu bibi alituachia desturi," alisema mwishowe. "Kila msimu mkurugenzi hukausha mayai kwenye karatasi, huyafungia kwenye kopo la biskuti kule jengo la zamani. Yalowekwe. Yakianguliwa, mnabaki wote wawili. Yasipoanguliwa, binti yangu, ukoo umekwisha, nanyi nendeni."

Karatasi ikalowekwa. Muuaji aliitwa, lakini sheria ni sheria: alisimama nje ya kioo, simu sikioni.

"Vipi?"

"Bado."

"Pumua basi."

"Wewe mbona hupumui?"

Beseni lilitulia. Mama Mbu aliinamia maji, jasho likimtiririka shingoni. Alikuwa karibu kunyanyuka pale kiuzi kimoja cheusi kilipojikunja. Kikajinyoosha. Kikaja cha pili.

"Wanacheza!" akapiga kelele. "Muuaji, wanacheza!"

Nje, kijana aliegemeza paji la uso kwenye kioo. Machozi yalimtoka waziwazi, hakuyafuta.

"Mama Mbu."

"Abee."

"Utanioa mimi muuaji?"

"Wewe nawe! Anayeoa ni wewe."

"Basi uolewe nami."

Mama Mbu alikaribia kioo, akaweka kiganja mkabala na paji lake la uso.

"Nenda kaoge vizuri," alisema, "kisha uende kwa baba. Na koti uliache."