Kigingi Kitupu

Nguzo ya kuanikia ilianguka tena, na mashuka kumi na mawili ya wateja yakalala matopeni. Dobi aliyatazama, mikono kiunoni. Ilikuwa mara ya tatu. Mteja wake mkubwa alishamwambia: mashuka yakirudi na tope tena, anahama.

"Baba watoto! Njoo uone nguzo yako!"

Mumewe alikuja na kopo la oili chafu na brashi, kama kawaida yake. "Nitapaka nyingine."

"Na hii si uliipaka? Mimi nimechoka!"

Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa amekuja kuwasalimu. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha kutia mbao dawa. Aliinama, akaigusa nguzo. Juu ilikuwa nzima. Pale ilipogusana na ardhi, ilimeguka kama mkate.

"Mchwa hao," alisema mume.

"Si mchwa, kaka. Ni kuvu. Wanapenda unyevu na hewa, ndiyo maana wameanzia hapa udongoni. Wewe unasifu oili, mimi nasifu dawa yetu. Tuache maneno, tupime."

Wifi alikata vigingi vitatu vya mti mmoja. Kimoja alikiacha kitupu. Cha pili alikipaka oili. Cha tatu alikipeleka kiwandani, kikarudi cheusi, kimenyonya dawa hadi ndani. Akavichimbia nusunusu karibu na bomba. Dobi akafunga kamba ukutani, kwenye kivuli. Nguo zilikauka kwa shida, naye akavumilia.

Mvua zilipokwisha, wifi alirudi kukagua. Vigingi vyote vitatu vilikuwa vyeusi.

"Nani kakipaka hiki kitupu?"

Mume alijikuna kichwa. "Nilikionea huruma. Kilianza kuoza."

"Kuoza ndiyo kazi yake!" alisema wifi. "Bila hicho, tutajuaje kama dawa ndiyo iliyookoa vingine?"

Dobi alipandwa na hasira hadi machozi yakamlenga. "Msimu mzima nimeanika kivulini, bure!"

Wakaanza upya. Misimu miwili ya mvua ikapita. Safari hii wifi alimpa kaka yake bisibisi, achome mwenyewe. Kitupu, ikazama. Cha oili, ikazama pia. Cha dawa, alisukuma mpaka jasho likamtoka. Ikagoma.

"Kigumu," alinong'ona.

"Sema tena, baba watoto. Sijasikia."

Wakasimamisha nguzo zilizotiwa dawa kiwandani. Wifi aliwaonya wavae glavu, na vipande vilivyobaki wasivichome jikoni, maana moshi wake ni sumu. Tangu hapo hakuna shuka lililogusa tope, na mteja mkubwa hakuhama.

Baadaye wifi alileta dawa nyingine ya kupima, na kando yake akachimbia kigingi kitupu kipya. Siku moja jirani alikiona, akaenda kuchukua brashi yake. Mume wa dobi alimwahi njiani.

"Kiache kioze, jirani. Kiko kazini."