Mfalme Anayeuza Bahari

Jumamosi hiyo soko la Suva, mji mkuu wa Fiji, lilikuwa limefurika. Akanisi, mrefu, mwenye gauni la kijani na ua jekundu sikioni, alikuwa akipenya kati ya mafungu ya mihogo alipogongana na mwanamume aliyebeba bunda la karatasi inayong'aa.

"Kaka, hiyo unauza?"

"Siuzi, dada. Ni ya kufungia majokofu. Mimi fundi."

"Basi niazime. Nataka kumvika mfalme kutoka sayari nyingine."

Fundi huyo, Semesa, akacheka, kicheko kizito kilichowageuza wauza samaki. Akanisi akamkodolea macho.

"Cheka tena."

"Eti nini?"

"Cheka tena hivyo hivyo. Mfalme wangu ndiye wewe!"

Wiki iliyofuata Semesa akajikuta ndani ya ghala moja la Walu Bay, karibu na bandari, amefungwa karatasi mwili mzima, pembe mbili za waya kichwani. Filamu ya Akanisi ilikuwa ya kuchekesha. Mfalme Blopu na watu wake wamekunywa bahari yao yote wakaimaliza, kisha wanatua Fiji kwa chombo kinachotoa moshi mweusi, wawafundishe wenyeji kutunza mazingira. Wanafanya mkutano, wanakula, wanapiga picha, na wanaacha taka kila wanapokanyaga.

"Mfalme, usitabasamu! Unatoa pole kwa wanaozama," Akanisi alikuwa akipiga kelele.

"Nitaachaje kutabasamu na wewe umesimama hapo mbele?"

"Weee! Fanya kazi."

Haukupita muda wakawa wanakula chapati za roti pamoja ukutani pale baharini, miguu inaning'inia. Akanisi hakuwa mtu wa kutulia. Hata akibusiwa alikuwa akifikiria pa kuweka kamera. Semesa alimpenda hivyo hivyo. Siku moja alimweleza jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu: kwao, Naivuka, bahari ilipanda hadi makaburini, kijiji kikahamia mlimani, na kaburi la bibi yake likachukuliwa na maji. Akanisi alimshika mkono.

Kumbe kichwani mwake kaburi hilo limekwisha kuwa tukio la filamu.

Siku ya kupiga picha za tukio jipya, Semesa alifika ghalani akakuta kaburi la povu gumu jeupe ndani ya beseni la maji. Juu yake bango: TIKETI ZA KUOGELEA NA MABIBI.

"Unasimama hapa mpenzi, unawauzia wageni tiketi," Akanisi alimwambia, macho yanawaka. "Watu watacheka hadi walie!"

Semesa akavua pembe moja, kisha ya pili.

"Akanisi, huyu ni bibi yangu."

"Ninamcheka mfalme, si bibi! Ndiyo maana ya..."

"Ulinipenda mimi, au ulipenda hadithi yangu?"

Akatoka nje na karatasi zake zikichakarika, watu wa kituo cha basi wakimshangaa.

Akanisi alipiga simu, ikaita weee, haikupokelewa. Akapiga tena akiwa anatembea, akapiga akiwa amekaa, akasimama, akafagia ghala lote, akapiga. Alihariri filamu na kila mahali alimwona yeye. Hatimaye sauti ikajibu, upepo ukivuma nyuma yake.

"Niko kwa mama. Unataka nini?"

"Nataka kuja."

"Na kamera?"

"Na mjomba," Akanisi akasema.

Walivuka kwa meli hadi Naivuka, yeye na mjomba wake, na fungu la mizizi ya yaqona, ya kutengeneza kinywaji cha heshima. Huko mlimani, kwenye nyumba mpya zinazonukia rangi, mjomba aliliweka fungu mkekani akamwombea Akanisi radhi kama desturi inavyotaka. Mama Losana, mamake Semesa, mwanamke mnene mwenye nywele za mvi, akalipokea. Kisha akasema, "Haya, nionyesheni hicho kilichomkimbiza mwanangu."

Akanisi akafungua kompyuta. Mama Losana alicheka wageni walipomwaga taka na kudai shukrani. Alicheka hadi akajipangusa machozi kwa pindo la gauni. Ikaja picha ya kaburi la majaribio. Akasogeza uso karibu na kioo.

"Hao wauza tiketi wapo," akasema mwishowe. "Wamekuja hapa na makamera yao, wameondoka. Hao wachekwe. Lakini kaburi la mama mkwe wangu halikuwa povu, binti. Lilikuwa na mawe meupe, tuliyabeba toka mtoni mimi na wifi zangu. Hili limefanywa na mtu asiyetujua."

"Ni kweli, mama," Akanisi akasema. "Sikuuliza."

Semesa, aliyekuwa ameegemea mlango muda wote, akaingia akaketi karibu naye.

Mama Losana akaamua tukio lipigwe upya, kwa mawe ya kweli. Asubuhi maji yalipokupwa, Akanisi akatoa kamera begini, na wanawake wa Naivuka wenyewe wakapanga mawe pale pale ufukweni lilipokuwa kaburi. Semesa akasimama kando ya mawe na mavazi yake ya kung'aa.

"Tiketi! Tiketi! Mwone bibi kabla hajaisha!" akanguruma.

Kijiji kizima kikaangua kicheko. Lakini wimbi moja likaja, likaosha mawe, na kicheko kikakatika chenyewe. Mfalme Blopu akabaki ameshika tiketi hewani, mdomo wazi, hajui amwuzie nani. Hilo halikuandikwa popote.

Akanisi hakusema "kata." Aliacha kamera juu ya kitegemeo chake cha chuma, akaingia majini na gauni lake.

"Umeharibu picha," Semesa akanong'ona, macho mekundu.

"Nitaikata pale ninapoingia mimi. Semesa, nilikupenda wewe. Ila sikujua kusikiliza."

"Na sasa unajua?"

"Nijaribu."

Semesa akavuta pumzi. "Basi sikiliza. Nikipeleka jino la nyangumi la posa kwenu, baba yako atalipokea?"

Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, Akanisi alisimama tuli, maji yakimpanda magotini.

"Atalipokea," akasema. "Lakini usichelewe, mimi siwezi kungoja."

Ufukweni, Mama Losana alikuwa tayari anamwita mjomba pembeni, wapange siku ya posa.