Binamu Asiyetambulika

Kila asubuhi mama, ambaye ni fundi cherehani, alitukagua sare kabla hatujatoka. Mimi aliniambia, "Chomekea shati." Binamu, aliyehamia kwetu na darasani kwangu mwaka huo, aliambiwa, "Umependeza, mwanangu!" Nilimwonea wivu.

Shuleni tulikuwa tunasoma riwaya ya zamani. Mwalimu alituonyesha jinsi mwandishi anavyowaingiza watoto hadithini: kabla mtoto hajatamka neno, tumeshaona masikio yake, magoti yake yenye vumbi na mwendo wake.

"Sasa mwandikeni mwenzenu mmoja bila kumtaja jina," alisema. "Ambaye mtu wake atatambuliwa upesi zaidi, ataondoka na kitabu hiki mpaka Jumatatu."

Nilikitaka kitabu kile kufa na kupona. Nilimchagua binamu, lakini kalamu ilipogusa karatasi, wivu ndio ulioandika. Zamu yangu ilipofika, nilisoma: "Macho yamemtoka kama ya chura. Miguu njiti. Anaringa, hana lolote."

Wenzangu walitazamana.

"Huyo ni wa darasa hili kweli?" kiranja aliuliza. Hakuna aliyemjua.

Binamu akasimama. "Ni mfupi, lakini hutembea kidevu juu kama mwenye nyumba. Akisoma, midomo hucheza. Ana kovu juu ya nyusi. Aliumia siku aliponishikia baiskeli nisianguke..."

"Pilipili!" darasa zima lilipiga kelele. Ndilo jina langu la utani, kwa hasira zangu za karibu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nyumbani nilimweleza mama yote. Aliweka mkasi chini.

"Nina wateja nisiowapenda," alisema. "Lakini futi naizungusha kiunoni mwao vilevile. Nikipima kwa chuki, nguo haimkai mtu. Wewe hukumwandika binamu yako, uliandika wivu wako."

"Mbona mimi hunisifu?" Machozi yalinitoka.

Mama alinivuta karibu. "Kumbe! Nisamehe, mwanangu. Mama yake yuko mbali, nikaona nimtie moyo. Nikakusahau wewe uliye mbele yangu. Siku nyingine niambie, usikae na wivu mpaka ukakufumba macho."

Chumbani, binamu alikuwa amekishika kitabu, kimefungwa. Nilimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa makubwa kweli, na mekundu kwa kulia.

"Nisamehe," nilisema.

"Keti basi. Nilikuwa nakusubiri tuanze."

Jumatatu niliomba kusoma maelezo mapya niliyomwandika. Hata sentensi ya pili sikuimaliza; darasa zima lilikuwa limeshamgeukia binamu yangu.