Jicho la Pili la Ndama

Mwaka 1954, kila asubuhi kijijini Kingi, mtoto Kamaliza alimpeleka ndama kwa ng'ombe mama yake. Ng'ombe wao, kama wengi wa milima ya Masisi, hakushusha maziwa mpaka amlambe mtoto wake. Hapo ndipo Mukabaranga, mama wa Kamaliza, alipokamua.

Lakini ndama huyu alizaliwa na mtoto wa jicho, ule weupe unaoziba kuona, macho yote mawili. Alijigonga kwenye uzio, akajikwaa kila mahali. Papa, baba wa Kamaliza, alisema ndama kipofu huchinjwa tu.

Ndipo akaja Kanyamibwa, msaidizi wa daktari wa ng'ombe. Alitia dawa ya ganzi kwenye jicho la kushoto, akapitisha sindano nyembamba pembeni, akachana mfuko wenye ule weupe.

"Ndama iko mudogo, weupe utayeyuka polepole," alisema. "Lakini mama yake asilambe jicho. Hili likipona, nitafanya la pili."

Ndama akafungwa mbali na mama yake, na ng'ombe akagoma kushusha maziwa. Kamaliza alimkanda kiwele, akamwimbia; ndoo ikabaki tupu. Wateja wa maziwa walirudi na chupa zao tupu. Mwishowe Mama alimfungua ndama.

"Mama, muganga alikataza."

"Muganga ndiyo atatupa maziwa? Nyamaza."

Ng'ombe alilamba kichwa chote. Kesho yake jicho lilijaa usaha.

Kanyamibwa aliporudi, alilitazama muda mrefu. "Limekufa. Sindano yangu ndiyo imeharibu. La pili siligusi."

Kamaliza alisubiri Mama aseme. Mama alitazama chini. Kamaliza akamgeukia baba yake aliyesimama kando.

"Si sindano, Papa. Ng'ombe alimulamba. Tulitaka maziwa."

"Mutoto wangu ananiuza," Mama alinung'unika, lakini hakukana.

"Basi alambe mugongo tu," Kanyamibwa alisema. "Nani atashika kichwa?"

"Mimi."

Jicho la pili likatibiwa. Kila asubuhi Kamaliza alibana kichwa cha ndama kwapani, akamgeuzia ng'ombe upande wa mkia. Alikanyagwa vidole, akalambwa shingo yeye, mara nyingine akalia kwa kuchoka. Maziwa yalishuka, machache.

Mwezi ulipopita, ndama alimwona Kamaliza anakuja kumkamata, akatoroka. Kamaliza alimkimbiza malishoni kote, akarudi anahema, amekasirika.

Mama alicheka, kisha akasema taratibu: "Ungenyamaza ili kuniheshimu, leo tungekuwa tunakula nyama yake. Muganga hawezi kutibu kitu alichofichwa. Ukiona nakosa tena, mwanangu, useme, hata nikikasirika."