Usimkate

Shabaha, mpigapicha wa mtaani kwetu, alikula kwa picha za pasipoti na kuota picha za ndege. Kutwa alikuwa kwenye kibanda chake chenye pazia la bluu, akiwaambia watu wazima wanyooshe shingo na wafunge midomo. Siku ya mapumziko alibeba kamera akaenda bwawani, nyuma ya kiwanda cha matofali, kuwavizia yangeyange wakiwa angani. Ndege aliyetua hakumtaka.

"Aliyetua hata mke wangu anaweza kumpiga," alipenda kusema, na hapo alikuwa anamsingizia sifa, kwa sababu mkewe kwa kukata watu alikuwa hajambo. Kwenye picha zake shemeji hana kichwa, mama mkwe hana miguu, na bwana harusi kabaki bega. Kila mkewe aliposhika kamera, Shabaha alimkemea kwa neno lile lile: "Usimkate!" Ukawa utani wa nyumbani. Hata binti yao wa pekee, waliyemwita Chiriku kwa vile mdomo wake haukuwa na likizo, alikuwa akidakia: "Mama, usinikate!"

Lenzi ndefu Shabaha aliipata kwa mjane wa mpigapicha mmoja mzee. Mjane aliitoa kabatini, imeviringishwa kwenye kipande cha shuka, akamkabidhi bila kumtazama usoni.

"Marehemu alisema kinachoruka kisipigwe kwa hii," alinong'ona. "Na kikipigwa, kisikatwe."

"Mama, kazi hii nimeizeekea," Shabaha akajibu huku akicheka. "Mimi sikati."

Mjane akafunga mlango. Kikalia kitasa, kisha komeo, kisha kikasikika kitu kizito kikiburutwa kuuzuia mlango kwa ndani.

Asubuhi iliyofuata jua lilikuwa zuri, bwawa limetulia. Yangeyange mmoja aliinuka majini, mweupe pe, na Shabaha akampiga. Kwenye kioo cha kamera alitoka safi, kila unyoya unaonekana, ila bawa la kushoto lilikuwa limeishia kwenye ukingo wa picha. Shabaha akasonya. Hapo hapo kitu kikaanguka matopeni mbele yake, pu!

Alikuwa yule ndege. Bawa la kushoto hana. Lilikuwa limekatika sawasawa, kama kwa wembe wa kinyozi, na ndege mwenyewe alikuwa bado hai, anajizungusha ndani ya damu yake, mdomo wazi. Shabaha akatazama juu kutafuta waya wa umeme. Hapakuwa na waya.

Kishindo kile kikalishtua kundi zima, likaruka. Kidole cha Shabaha kilikuwa kwenye kitufe, na kidole cha mpigapicha hakingoji kuambiwa. Kamera ikalia mfululizo. Kisha vikaanza kunyesha vitu. Shingo. Miguu mirefu myeusi. Vichwa vilivyokuwa bado vinapepesa macho. Kitu cha moto kilimpiga shavuni kikateleza mpaka mdomoni, akatema damu na manyoya.

Akatazama picha. Ndege waliotoka wazima ndani ya picha walikuwa wazima angani, wanakwenda zao. Waliokatwa na ukingo ndio waliolala matopeni. Akaelewa.

Alirudi nyumbani mbio, nia yake ni kumrudishia mjane lenzi yake siku ile ile. Lakini alikuwa amelowa damu mpaka viwikoni, na hakutaka mwanawe amwone hivyo. Akaiacha kamera mezani sebuleni, akajifungia bafuni. Alikuwa anajisugua, maji mekundu yakimpita miguuni, aliposikia sauti kupitia dirisha dogo la uani.

"Mama, nipige nikiruka kama ndege wa baba!"

"Haya, panda kwenye benchi. Nikihesabu tatu unaruka."

Lenzi ile ilikuwa ya kuvuta ndege wa mbali. Katika ua mdogo kama ule haikuweza kumchukua mtoto mzima. Ingechukua uso tu. Au kifua.

"Usimkate!" Shabaha akapiga kelele.

Mkewe akacheka. "Leo simkati, baba Chiriku! Moja!"

"Mama, usinikate!" Chiriku akadakia.

Mlango wa bafu alitoka nao, bawaba na yote.

"Mbili!"

Mtoto alikuwa ameshakunja magoti.

"Usimpige! Weka chini! Usi..."

"Tatu!"

Chiriku akaruka. Baba yake naye akaruka, akajitupa katikati ya lenzi na mwanawe, mkono wa kulia ameunyoosha mpaka kiganja kikaziba lenzi yote. Kamera ikalia mara moja tu.

Walianguka wote wawili. Chiriku alikuwa analia, mzima. Damu ilikuwa imeruka mpaka kwenye nguo zilizoanikwa, na mwanzoni mama mtu hakujua ni ya nani. Kisha akaona mkono wa kulia wa mumewe. Uliishia kwenye kifundo, sawasawa, kama bawa la yangeyange.

Kiganja chenyewe, kile chenye kovu la kuungua na pasi kwa nyuma, hakikuonekana. Majirani tulikitafuta uani, juu ya paa, hata ndani ya pipa la maji. Mama Chiriku aliiponda lenzi kwa tofali mpaka ikawa unga, akipiga na kulia, na hakuna aliyethubutu kumzuia.

Mwaka huu Chiriku alipigwa picha shuleni na mpigapicha mwingine, kwa kamera nyingine. Yule bwana alimletea Shabaha picha mwenyewe, akasita kuitoa kwenye bahasha.

"Samahani, kaka," alisema kwa sauti ya chini. "Nilimpiga akiwa amesimama, peke yake."

Kwenye bega la Chiriku kulikuwa na mkono uliotokea ukingoni mwa picha. Ulikuwa na kovu la pasi.

"Mkono wako unambembeleza," mama Chiriku akanong'ona, machozi yakimtoka. "Baba Chiriku, tazama, unambembeleza mwanetu."

Shabaha aliichukua picha akaiinamia. Vidole vilikuwa vimezama kwenye sare, kucha zimekuwa nyeupe kwa kukandamiza. Akashusha macho mpaka kwenye viatu vya mwanawe pichani. Kati ya soli na sakafu mwanga ulikuwa unapita.