Kifurushi cha Familia

Siku ile ilianza vizuri tu. Fundi cherehani wa mtaa wetu, mwanamke ambaye wote tulimwita Kipimo kwa sababu hawezi kukusalimia bila kukupima mabega kwa macho, aliletewa cherehani mpya ya kudarizi. Ilikuwa ya kisasa, yenye skrini ya kugusa, na nailoni zake zote zilikuwa hazijabanduliwa. Aliiwekea akiba muda mrefu, na kazi yake ya kwanza aliijua kabla hata ya kuinunua. Ni gauni la harusi la mdogo wake, binti aliyemlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki. Harusi ilikuwa Jumamosi.

Akaichomeka, akatandaza kitambaa cheupe, akachagua ua la kwanza. Sindano ikashuka mara moja, ikakwama humo humo kwenye kitambaa. Skrini ikaandika: "Sasisho jipya linapatikana. Lipia ili uendelee."

"Apdeti gani tena?" Kipimo alimaka. "Si umetoka kwenye boksi leo hii hii?"

Akalipa kwa simu huku akisonya. Yakatoka maua mawili, ikakwama tena. Akalipa tena. Akampigia muuzaji, naye akamjibu kwa ile sauti tamu ya mtu ambaye hela yako ameshaila.

"Mashine ni yako, mama. Programu ndiyo ina wenyewe."

"Kwa hiyo nimeinunua au nimeipanga?"

"Wewe lipia tu, itakufaa sana," akasema, akakata simu.

Hapo ndipo kinyaa kilipomshika Kipimo. Hasira angeiweza. Kilichomchefua ni uchafu wa jambo lenyewe, kama mtu akuuzie chakula halafu akudai tena kwa kukimeza. Mashine ilipokwama mara nyingine, akateremsha maandishi hadi chini kabisa, akaona kitufe kidogo: "Njia nyingine ya malipo." Akakibonyeza. Yakafunguka maelezo marefu ya herufi za sisimizi. Nani huyasoma yale? Akagusa "Nakubali."

Mashine ikaanza kudarizi, kimya kimya.

Ua lilipokamilika, Kipimo aliinama akakata uzi kwa meno, ungali umepita kwenye tundu la sindano. Mkasi ulikuwa palepale mezani. Lakini ndiyo mazoea ya nyumba yao; mama yao naye alikuwa fundi, na wote walikua wakikata uzi kwa meno. Uzi ulikuwa na uvuguvugu. Akatema kipande, akaendelea na kazi.

Mchana, akila, kitu kikamtekenya kooni. Akakohoa. Akaingiza kidole chini ya ulimi, akashika ncha. Akavuta. Ukatoka uzi mweupe, unateleza kwa mate. Akavuta tena, ukaja. Akavuta, bado unakuja, na kila ulipokuja alihisi kitu kikifumuka kifuani. Akatapika palepale. Akakimbilia mkasi, na ndipo alipoiona mashine vizuri. Kibonge cha uzi kilichokuwa juu yake kilikuwa kimekwisha zamani, imebaki plastiki tupu.

Sindano ilikuwa bado inadarizi.

Akachomoa waya. Gauni, hata hivyo, lilikuwa limekamilika, tena zuri kuliko chochote alichowahi kushona. Kipimo akaukata uzi mdomoni kwa mkasi, akasukutua, akajiambia hii ni shida yake peke yake, ataishughulikia baada ya harusi.

Kesho yake mdogo wake akaja kulijaribu. Akajizungusha chumbani, akicheka.

"Dada, hili umelishona au umeliota?"

Akaona uzi unaning'inia kwenye mkono wa gauni. Kabla Kipimo hajafungua mdomo, binti akauinua, akaukata kwa meno.

"Tema," Kipimo alinong'ona. Sauti ilikuwa imemkauka tangu jana. "Tema sasa hivi!"

"Nishameza. Kwani una nini leo?"

Nyuma yao skrini ikawaka. Waya ulikuwa sakafuni.

"Hongera. Kifurushi cha familia kimeanza."

Binti akacheka. Kisha akakohoa. Kipimo akamtazama akiingiza kidole mdomoni, na uso wake ukibadilika.

Akadaka mkasi. Akashika ua moja la kifuani, akaanza kulifumua. Mdogo wake akapiga ukelele, mikono kooni.

"Dada, acha! Unanivuta! Unanivuta ndani!"

Akaacha. Akaigeukia mashine. Mipangilio. Malipo. Sitisha. Jibu likaja: "Kifurushi hakisitishwi. Kinaweza kupunguzwa. Chagua mwanafamilia atakayebaki kwenye kifurushi."

Chini yake kulikuwa na picha mbili. Zilikuwa picha za meno, yakionekana kwa nyuma, kana kwamba aliyezipiga alisimama kooni. Yake aliyatambua kwa pengo la gego. Kwa mdogo wake, ulimi ulikuwa umejikunja kwa woga.

Hakusita. Akagusa yake.

Binti akavuta pumzi ndefu, akatema kipande kifupi cha uzi, basi.

"Dada, umebonyeza nini?"

Kipimo akafungua mdomo kujibu. Sauti haikutoka. Akatabasamu, akamrekebishia bega la gauni.

Jumamosi binti aliolewa. Alicheka, akaimba mpaka usiku, na kila mtu aliulizia aliyedarizi yale maua. Kipimo alikaa mbele na leso mdomoni, watu wakasema ni machozi ya furaha. Jumatatu shemeji yake aliibeba mashine kuirudisha dukani. Muuzaji akaikagua, akasema haijawahi kutumika hata siku moja. Akaifunga nailoni mpya, akairudisha rafuni kwa bei ileile.

Siku hizi Kipimo hasemi. Anashona kwa mkono. Wageni wakiwapo, hugeuka kidogo, akavuta kitu pembeni mwa mdomo, akakikata kwa mkasi. Sisi majirani tumezoea kutazama kwingine.

Wiki iliyopita mdogo wake alikwenda kumfanyia usafi. Akavuta droo ya chini kabisa. Ilikuwa imejaa bobini, vile vigurudumu vidogo vya uzi vinavyokaa chini ya sindano. Vilipangwa safu kwa safu, vyote vimejazwa uzi mweupe, umebana sawasawa namna ambayo mkono wa mtu hauwezi. Na nyumba nzima haina mashine tangu ile Jumatatu. Akachukua kimoja. Kilikuwa na unyevu. Kilikuwa bado cha moto, na kilinuka mdomo wa mtu aliyetoka kuamka.