Maneno Mawili Yaliyoliwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Redio alitia uzi kwenye sindano kumi na mbili. Alizichomeka kwenye kipande cha kitambaa kwa mpangilio, za uzi mweusi kwanza, kisha mweupe, kisha wa buluu, ili mama yake asihangaike mchana kutwa akitafuta tundu. Mama alikuwa fundi wa cherehani tangu ujana wake. Mikono ilikuwa bado hodari, ila macho ndiyo yaliyomwangusha. Kitambaa alikijua kwa vidole, lakini tundu la sindano lilimshinda, na maandishi madogo ndiyo kabisa.

Jina la Redio alipewa na dada yake, kwa sababu akianza kusoma hazimiki. Alisoma vibao vya maduka, alisoma maboksi ya sabuni, alisoma hata gazeti lililofungiwa vitumbua, mafuta na yote. Tena alisoma na kuandika mbio mbio, na kujivunia mbio zake. Mwalimu hakuzisifu hata kidogo. Kila insha ilirudi na wino mwekundu: "Umekula neno hapa." Siku moja alimwandikia chini kabisa, "Wewe mtoto, kwani nyumbani hamli?" Darasa zima likacheka, na Redio naye akacheka, maana aliyokula yalikuwa maneno madogo tu, na hakuona yangempunguzia mtu nini.

Sasa sikiliza ulaji huo ulimfikisha wapi.

Jumatatu moja alasiri alimshika mama mkono wakaenda zahanati kuuliza dawa ya macho. Ukutani, kando ya dirisha la kadi, palibandikwa tangazo la chuo. Chuo kilitoa cheti cha msaidizi wa tabibu, yule anayepima uzito na presha, anayefunga vidonda na kumwandaa mgonjwa kabla hajaonana na daktari. Redio alipokisoma kichwa cha tangazo, mama alisimama palepale. Nyumbani alikuwa na binti mkubwa aliyemaliza sekondari miaka miwili nyuma, na sasa alikuwa akikanda unga kwenye kiwanda cha mikate tangu alfajiri. Binti huyo hakuwahi kutamani kazi nyingine ila ya hospitali.

Mama alimwambia Redio anakili tangazo lote, asiache kitu. Lakini foleni ilikuwa inasogea, na nyuma yao palikuwa na mzee mwenye fimbo aliyekuwa akiguna. Redio aliegemeza daftari kwenye goti, akaandika mbio kama kawaida yake. Muda, miezi tisa. Ada, laki sita. Kipato baada ya kuhitimu, laki nne kwa mwezi.

"Umeandika yote?" mama aliuliza.

"Yote, mama."

Jioni ile hesabu ilipigwa mezani, na ilikuwa hesabu tamu. Cherehani ya mama, ile nzito ya kukanyaga kwa miguu, ilikuwa ikitamaniwa siku nyingi na Fundi Sare wa mtaa wa pili, mshonaji wa nguo za shule, na bei aliyoitaja ilikuwa laki sita hizohizo. Basi wamuuzie. Dada asome miezi tisa, na kwa muda huo mama ashone vifungo na pindo kwa mkono, watajikongoja. Akishaajiriwa, mishahara miwili tu inatosha kununua cherehani nyingine, na chenji inabaki. Dada alilia kwa furaha. Kesho yake alimwambia msimamizi wake kiwandani atafute mtu mwingine, na Fundi Sare akakubali kuja Jumamosi.

Alhamisi Redio alitumwa zahanati kuchukua dawa ya macho iliyokuwa imekwisha siku ile ya Jumatatu. Hapakuwa na foleni. Alisimama mbele ya tangazo akalisoma tena, kwa mazoea tu, na safari hii polepole kwa sababu hapakuwa na wa kumgunia.

Ada: kuanzia laki sita. Kipato: hadi laki nne kwa mwezi.

Akasoma mara ya pili, akasoma mara ya tatu, na maneno hayakuondoka. Mtoto wa darasa la sita anajua maana ya kuanzia na hadi. Laki sita ilikuwa mlango tu, huko ndani kulikuwa na malipo mengine. Laki nne ilikuwa dari, na si kila mtu anaigusa dari. Alirudi nyumbani na chupa ya dawa mkononi, na moyoni alijua ni lazima aseme, ila hakujua aseme vipi.

Akamkuta mama kwenye cherehani, anashona koti jeupe. Lilikuwa la dada, la kuvaa chuoni, na mama alisema ametaka liwe nguo ya mwisho kushonwa na mashine ile. Dada alikuwa amesimama nyuma yake akiimba. Redio alifungua mdomo. Mama akamwambia ahsante mwanangu, umefika wakati wake, hebu nitilie uzi mweupe. Redio akatia uzi. Akakosa tundu mara nne, na mama akamtania kwamba macho yake sasa yanarithiwa.

Ijumaa ilikuwa mbaya zaidi. Majirani walikuja kumpongeza dada, na kila mmoja aliyeingia aliongeza tofali kwenye ukuta uliomzuia Redio kusema. Aliomba Fundi Sare apate homa. Aliomba mvua inyeshe. Kisha akaona aibu, maana Fundi Sare hakuwa amemkosea chochote. Alijiona mdogo kuliko siku zote, na aliogopa.

Jumamosi asubuhi Fundi Sare alifika na mtu wa mkokoteni. Mama alikuwa ameipaka mashine mafuta na kuifuta kwa kitambaa mpaka ikang'aa. Walipoinyanyua, mguu wake mmoja uligonga kizingiti, na mama akashtuka kana kwamba amegongwa yeye. Hapo Redio akashindwa kuvumilia.

"Mama, nimekula maneno."

"Maneno gani tena?"

"Kuanzia na hadi. Yako kwenye tangazo, mimi sikuyaandika. Nilijua tangu juzi, nikaogopa."

Akaeleza yote huku analia. Dada akakaa chini palepale alipokuwa. Mama hakumkaripia, na Redio angeona afadhali akaripiwe. Alimwomba Fundi Sare ampe nafasi mpaka Jumanne. Fundi Sare alilalamika, na kusema kweli alikuwa na haki, kwani mkokoteni ulikuwa umekwisha kukodiwa. Mama akafungua mkoba, akamlipa mtu wa mkokoteni kwa pesa ya chakula cha siku mbili. Cherehani ikarudishwa mahali pake.

Jumatatu wote watatu walikwenda zahanati kumwona mwanamke ambaye wagonjwa walimwita Bi Mizani, kwa sababu kila anayeingia hupita kwake kwanza kupimwa. Cheti chake kilikuwa kilekile na chuo kilekile. Aliwakaribisha kwenye benchi akawaeleza bila kuficha. Ukijumlisha sare, vitabu, mtihani na nauli za mafunzo, ile laki sita huwa laki kumi. Na mshahara wa kuanzia, kwake na kwa wenzake wote aliowajua, ulikuwa laki moja na nusu.

"Kazi naipenda, sikudanganyi," alimwambia dada. "Lakini mwaka wa sita huu niko hapa, na hiyo laki nne naisoma ukutani kama wewe."

Dada alicheka, japo machozi yalimlengalenga. Bi Mizani akaendelea. Cheti hakikuwa kibaya, kibaya kilikuwa kukilipia kwa mashine inayowalisha. Chuo kilipokea ada kwa awamu tatu kwa yeyote aliyekwenda kuomba, ingawa hilo halikuandikwa popote. Dada angefanya kazi mwaka mmoja zaidi, aweke akiba, kisha aingie bila kuuza kitu. Walipotoka hapo walipitia kwa Fundi Sare kumwambia cherehani haiuzwi tena, kisha wakaenda kiwandani. Msimamizi alikuwa bado hajapata mtu, maana kazi ya kuamka alfajiri haina wagombea, akamrudisha dada siku hiyohiyo.

Nyumbani mama alitundika koti jeupe kwenye msumari nyuma ya mlango. Halikuwa jambo rahisi kulitazama. Mwaka mmoja ni mrefu kwa mtu aliyekwisha kuaga kazini, na macho ya mama nayo hayakuwa yakingoja. Redio alisema anaomba radhi, akasema tena, mpaka mama akamshika bega.

"Kukosea ulikosea, na kila mtu hukosea. Ila tangu Alhamisi uliubeba peke yako mzigo ambao ni wetu sote. Ungesema siku ile, tusingelipa kitu. Ulisema Jumamosi, tumelipa mkokoteni. Ungenyamaza, tungelipa cherehani. Kosa likifichwa, mwanangu, gharama yake inapanda kila siku."

Kisha akamwambia achukue karatasi aandike hesabu mpya kwa herufi kubwa. Redio aliandika bila haraka, mstari kwa mstari, na kila neno dogo akalipa nafasi yake. Alipomaliza, mama alimwambia asome kwa sauti. Akasoma polepole, mama akisikiliza kwa makini, na dada akafuatilia kwa kidole juu ya karatasi. Hakuna neno lililoliwa. Dada alikunja karatasi akaitia kwenye mfuko wa koti jeupe, na Redio akaenda kutia uzi kwenye sindano za kesho.